Kwenu Nani Alipigwa na Upepo?



Mama mmoja aliniletea binti yake wa miaka 11, mnene wa mwili, analalamika kichwa. Nikamuuliza, "Kwenu kuna mwenye presha?" Akanijibu bila kusita, "Hakuna." Nikaandika. Kisha nikauliza bibi yake mtoto yuko wapi. "Amefariki." Alikuwa akiumwa nini? "Hakuwa akiumwa. Alipigwa na upepo, mdomo ukaenda upande, mkono ukafa. Hakumaliza wiki." Na kaka yake bibi? "Naye vivyo hivyo, kule Makunduchi."

Faili langu lilikuwa limeshasema "hakuna".

Neno langu la leo ni hilo faili. Sisi watu wa Unguja nasaba tunazijua. Mtu atakuhesabia mababu, atakwambia ukoo ulitokea wapi na nani kaoa kwa nani. Maradhi ya ukoo ndiyo tuliyoyafunika kwa maneno: upepo, yaani kiharusi cha presha; kuanguka ghafla; miguu kujaa maji. Yule mama hakusema uongo. Presha, kwake, ni ya mtu aliyepimwa akapewa vidonge, na bibi hakupata kupimwa hata siku moja. Uchunguzi wa afya wa mwaka 2011 ulikuta takriban theluthi moja ya watu wazima wa Zanzibar wana presha ya kupanda. Wengi wao wanatembea Darajani na Mwanakwerekwe bila kujijua. Kwa hivyo siku hizi nauliza nani alipooza, nani alifariki kabla ya uzee, na kama mama mwenyewe alipata kifafa cha mimba.

Wachunguzi wa familia na mapacha wanakisia kwamba kati ya 30% na 50% ya tofauti za presha baina ya watu hutokana na urithi. Lakini nasaba haiji peke yake, chungu nacho hurithiwa. Mkono wa bibi katika chumvi ndio mkono wa mama, na ndio utakaokuwa wa binti. Mtoto anakula embe mbichi ya chumvi na pilipili mlangoni mwa skuli, mchana chipsi, usiku samaki wa ng'onda. Vyakula hivi sivipigi vita. Nataka tuhesabu chumvi ya siku nzima.

Na mafuta ya mwili? Tumezoea kumwita mtoto mnene "mwenye afya", na wazee waliozika watoto kwa nyongea wana haki ya kufurahia mashavu yaliyojaa. Ila mafuta ya tumboni hayakulala tu. Yanaibana figo, yanaamsha mishipa ya fahamu inayokaza mishipa ya damu, na yanazifanya figo zizuie chumvi. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo, na damu inasukuma kwa nguvu zaidi. Basi urithi, unene na chumvi vinakutana mlango mmoja, kwenye figo za mtoto.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya wanafunzi 446 wa shule za msingi Dar es Salaam ulikuta 15.2% presha zao zimepanda. Hapa kwetu, mwaka 2013, watafiti wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na wenzao wa Bremen, Ujerumani, waliingia majumbani Unguja wakapima viuno, mafuta ya mwili na presha, kuanzia watoto wa miaka mitano. Nawashukuru kwa kupima viuno. Mizani peke yake haimtofautishi mcheza mpira na mtoto wa kitambi.

Hata uzi unatosha. Kata uzi wa urefu wa mtoto, ukunje mara mbili, umzungushe kiunoni. Usipofika, mlete apimwe.

Akija, tumpime presha kwa mkanda unaolingana na mkono wake. Niliwahi kufanya kazi mahali palipokuwa na mkanda mmoja tu kwa watu wote. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mkubwa kwenye mkono mwembamba husoma chini, ukamrudisha nyumbani mtoto mgonjwa kwa jina la mzima. Kuanzia miaka 13, kikomo cha presha ni 130 kwa 80; chini ya hapo tunamlinganisha na watoto wa umri, jinsia na urefu wake. Na kipimo cha siku moja hakimpi mtoto jina la ugonjwa. Tunapima siku tatu mbalimbali.

Yule binti alikuja mara zote tatu. Mara ya mwisho mama yake alinipa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la skuli. Binti alikuwa amekaa barazani na bibi yake mdogo, akaandika ukoo wote kwa mkono wake: majina tisa, matano yamewekewa alama ya upepo. Jina lake ameliandika chini kabisa, na pembeni yake ameacha nafasi.