Neno Dogo Lenye Hukumu Ndani Yake

Masomo: Yakobo 3:9-10, Matayo 5:22



Juma lililopita mtoto wangu aliangusha sahani ya sombe, akasema kwa Kingereza: «Damn!» Nikamuuliza maana yake. Akajibu: «Papa, ni neno la filme tu. Halina maana.»

Ndugu zangu, maana iko. Neno hilo linatoka katika Kilatini, damnare, kumhukumu mtu kwamba ana kosa. Ninyi mnaojua Kifaransa mnalisikia ndani ya condamner. Katika Biblia ya Kingereza ya mwaka 1611, Marko 16:16, ndilo linalotumika kwa hukumu ya mtu asiyeamini. Kwa hiyo anayemrushia mwenzake neno hilo, kwa asili yake, anaomba Mungu amtupe.

Leo wanaosema Kingereza wamelizoea. Wanalisema wakikasirika, wakishangaa, hata wakisifu chakula kitamu. Wengine dhamiri iliwachoma, wakaligeuza kidogo kuwa «darn». Herufi zilibadilika, lakini hasira ilibaki palepale.

Nilipomaliza kumweleza mtoto hayo yote, akaniuliza kwa upole: «Papa, ni kama lile neno ulimwambia motari siku ya mvua?»

Nilinyamaza. Motari alinirushia matope, nami nikamwambia: «Ulaaniwe!» Mtoto alisema neno asilolijua, juu ya sahani. Mimi nilisema neno ninalolijua, juu ya mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Na Jumapili yake nilikuwa nimeinua mikono kanisani, nikimsifu Bwana kwa kinywa kile kile.

Yesu alitaja neno «Raka». Sokoni lilikuwa tusi jepesi, kama kumwita mtu kichwa kitupu. Lakini Bwana hakupima wepesi wa neno. Alipima moyo unaomdharau ndugu.

Kesho yake nilienda pale motari wanaposimama, nikamtafuta, nikamuomba msamaha. Alicheka, akanishika mkono, akasema alikuwa amesahau. Mtoto wangu hakuwa amesahau.

Mpendwa, usianze na Kingereza cha watoto. Anza na Kiswahili chako mwenyewe. Nani ulimlaani juma hili? Mke? Jirani? Mtoto? Mwendee leo, kabla jua halijatua. Kisha mbariki kwa jina lake.

Mungu atakase vinywa vyetu. Amina.