Kipunji Si Nyani: Ushahidi wa Ukoo wa Mama na Historia ya Spishi



Katika warsha moja ya uhifadhi niliyohudhuria, mtu ninayemheshimu alisimama akasema kwamba kipunji ni nyani aliyechanganya damu. Alisema vinasaba vimekwisha kuthibitisha jambo hilo, na kwa kuwa nyani wamejaa nchi nzima, fedha za kumlinda kipunji zingefaa kupelekwa kwingine. Ukumbi ukaitikia kwa vichwa. Niliomba nafasi ya kujibu, muda ukawa umekwisha. Jioni hii muda ninao.

Mengi nitayapita mbio kwa sababu mnayajua. Mnajua kwamba mwaka 1967 Sarich na Wilson, kwa kulinganisha protini za damu, walidai binadamu na sokwe waliachana yapata miaka milioni 5 tu iliyopita, wakawaudhi wataalamu wa visukuku. Mnajua jenomu ya sokwe ilichapishwa mwaka 2005 na ya gorila mwaka 2012. Katika hiyo ya 2012 nachukua jambo moja tu: karibu asilimia 30 ya jenomu haifuati mti tunaouchora ubaoni. Katika sehemu hizo gorila yuko karibu na binadamu, au na sokwe, kuliko hao wawili walivyo karibu wao kwa wao. Anayechukua kipande kimoja cha vinasaba na kukifanya historia ya spishi nzima anaweza kupotea hata kwa wanyama waliochunguzwa kuliko wote duniani.

Sasa twende Rungwe, katika Nyanda za Juu Kusini. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport, wakiwa pamoja na Noah Mpunga na Sophy Machaga, walisikia habari za kipunji kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Kulikuwa na watu wa nje waliodhani ni kiumbe wa hadithi. Kabla mwaka haujaisha walimwona: mnyama wa kahawia, uso mweusi, kishungi kilichosimama utosini, ndevu ndefu za mashavuni, mkia mrefu kuliko mwili, akiishi juu ya miti katika msitu wa baridi. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti, la Carolyn Ehardt, likamkuta katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, kiasi cha kilomita 350 kutoka Rungwe. Kundi hilo halikujua lolote kuhusu ugunduzi wa kwanza. Makundi yakaungana, na mwaka 2005 wakamtangaza kwa jina la Lophocebus kipunji, yaani mmoja wa mangabe wa mitini. Maelezo yao yalitegemea picha, kwa sababu hawakutaka kumuua mnyama adimu ili apate jina. Walilaumiwa kwa hilo. Mimi nawapongeza.

Kisha dume mmoja ambaye hajapevuka akanaswa na kufa katika mtego wa mkulima mlimani Rungwe. Kielelezo chake kilipelekwa katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, na hapo ndipo mambo yalipogeuka. Fuvu lilifanana na la mangabe, lakini vinasaba vilimweka jirani na nyani. Mwaka 2006 Davenport, William Stanley, Eric Sargis, Link Olson na wenzao wakampa jenasi yake, Rungwecebus. Ilikuwa miaka 83 tangu Afrika ipate jenasi mpya ya jamii ya tumbili na kima.

Mwaka 2009 zikatoka makala mbili zilizozaa maneno yale ya warshani. Moja ni ya Burrell, Jolly, Tosi na Disotell, nyingine ya Zinner, Arnold na Roos. Zote zilionyesha kwamba mitokondria za kielelezo cha Rungwe zimo ndani kabisa ya mti wa nyani, pamoja na za nyani wa manjano wa maeneo ya jirani. Burrell na wenzake wakapendekeza kwamba spishi nzima ilitokana na mchanganyiko wa zamani wa majike wa jamii ya nyani na madume wa jamii ya mangabe. Zinner na wenzake waliweka suala hilo kama swali katika kichwa cha makala yao. Hawa ni wataalamu makini na data zao ni sahihi; sina ugomvi na hata herufi moja ya mfuatano wao. Ugomvi wangu ni na hukumu ambayo wengine wameijenga juu yake.

Mimi ni mtoto wa Kimwera, na kwetu ukoo hufuata upande wa mama. Bibi yangu mzaa mama aliweza kutaja mama, mama wa mama, hadi mwanamke wa saba, bila kusita. Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba hao saba ndio asili yangu yote. Lakini baba wa bibi alitoka upande wa pili wa Ruvuma, na babu yangu mzaa baba alikuwa Myao. Ukirudi vizazi kumi nyuma una nafasi 1,024 za wazee, na mstari wa mama unakupa mmoja tu kati yao. Mitokondria ndiyo huo mstari. Ni takriban jozi 16,500 za herufi zinazopita kutoka kwa mama peke yake, wakati jenomu iliyo ndani ya kiini ina herufi zipatazo bilioni 3 kutoka kwa wazee wote.

Tufanye hesabu. Dume wa kipunji anampanda jike wa nyani. Binti yao ana nusu ya vinasaba vya kiini kutoka kwa nyani, na mitokondria za nyani zote. Binti huyo akizaa na dume wa kipunji, na binti zake vilevile, sehemu ya nyani ndani ya kiini hupungua nusu kila kizazi. Kufika kizazi cha kumi, kwa wastani, imebaki 1 kwa 1,024. Mitokondria hazikupungua hata kidogo. Mnyama huyo ni kipunji kwa umbo, kwa sauti, kwa maisha ya mitini na kwa karibu jenomu yake yote. Anayesoma mitokondria peke yake atamwita nyani.

Hiyo ni nadharia, mtasema. Basi nendeni Gombe, ambako kima wa kawaida na kima wa mkia mwekundu wamezaliana kwa muda mrefu. Kate Detwiler alikusanya vinyesi vyao, na mwaka 2019 akachapisha matokeo: kima wa kawaida wote aliowapima pale walikuwa na mitokondria za kima wa mkia mwekundu. Wote. Sijamsikia mtu akisema kwamba kima wa Gombe hawapo. Kipunji ametendewa kwa kipimo kingine.

Na nyani wenyewe je? Zinner na wenzake walituonyesha kwamba mitokondria za nyani hufuata jiografia zaidi ya spishi, hata nyani wa manjano wa kusini na wa kaskazini wakaangukia matawi tofauti. Sababu inaeleweka: majike hubaki katika kundi walimozaliwa na madume ndio wanaohama, hivyo mitokondria hukaa mahali huku jenomu ikipita juu yake. Mwaka 2023 utafiti wa jenomu kamili za nyani, zikiwemo za nyani wa Tanzania, ulionyesha nyani wa manjano wa magharibi mwa nchi hii wakiwa wamepokea vinasaba kutoka nasaba tatu. Mitokondria ni shahidi anayeshindwa kututenganishia nyani na nyani; kwa haki gani tumpe neno la mwisho kuhusu kipunji?

Sasa niruhusuni nikae kidogo na makala ninayoipenda kuliko zote katika mjadala huu. Ni fupi, ilitoka mwaka 2010 katika jarida la Biology Letters, na mwandishi wake wa kwanza ni Roberts, pamoja na Davenport, Jones, Stanley, Sargis, Olson na wengine. Kila mwaka nawapa wanafunzi wangu waisome kwa sauti darasani. Uzuri wake ni kwamba waliuliza swali ambalo lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu: huyu dume wa Rungwe anasema kwa niaba ya nani? Hadi wakati huo hoja zote zilisimama juu ya wanyama wa Nyanda za Juu Kusini. Wakapima vinasaba kutoka Ndundulu. Mitokondria za huko hazikuingia ndani ya mti wa nyani. Zilikaa chini yake, kwenye shina, zikiwa zimetengana na nyani wote wa Afrika pamoja na kile kielelezo cha Rungwe. Yaani kipunji wa Ndundulu amebaki na mstari wa mama wa kipunji, na wa Rungwe aliupoteza kwa kuzaliana na nyani wa jirani. Kama spishi nzima ingezaliwa kutokana na majike wa nyani wa manjano, tungetarajia mitokondria hizo pande zote mbili. Ndundulu hazipo. Sijui makala nyingine ya kurasa chache kiasi hicho iliyobadilisha maana ya data za wengine bila kuzikanusha.

Haki inanitaka niseme pingamizi lililobaki. Inawezekana mstari wa Ndundulu nao ni wa nyani wa kale waliotoweka, ulioingia kwa kipunji mapema zaidi. Mitokondria peke yake haiwezi kulifuta wazo hilo, na mimi niliyeishambulia mitokondria siwezi kuigeuza hakimu inaponipendeza. Ndiyo maana naangalia pia vinasaba vya kiini: uchambuzi wa mwaka 2008 wa Olson na wenzake ulimtenga kipunji na Lophocebus kwa ushahidi wa ziada. Naangalia fuvu, naangalia mlio wake mzito usiofanana na wa mangabe yeyote wa mitini. Wapo wanaosema mpaka wa jenasi ni makubaliano ya watu tu, na kwamba nyani, geladi, mangabe wa mitini na kipunji wangeweza kuwekwa katika chungu kimoja. Ni makubaliano, sawa. Bado nashikilia kwamba kipunji anastahili jenasi yake, na kama kesho kamati itamwondolea jina hilo nitaendelea kulifundisha.

Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kipunji 1,117 duniani. Kati yao, wapatao 75 tu walikuwa Ndundulu. Mtu akisema “nyani wamejaa”, wanaoumia kwanza ni hao 75, wenye mstari wa mama ambao Rungwe haupo tena. Mpango wowote unaowahesabu kipunji kama kundi moja, ukaridhika kwa sababu Rungwe wapo wengi, utakuwa umekosea mahali pa kuanzia. Ndundulu itangulie, kwa walinzi na kwa bajeti.

Na kwa maabara zetu kazi iko wazi. Tunahitaji kulinganisha jenomu kamili za pande zote mbili, na hasa kromosomu Y, inayopita kwa baba peke yake. Kama hesabu niliyoifanya hapa ni sahihi, kromosomu Y za Rungwe na za Ndundulu zitakaa tawi moja, mbali na nyani wa manjano, na sehemu ya nyani katika kiini cha wanyama wa Rungwe itakuwa ndogo sana. Zikikaa na nyani, hoja yangu imeanguka, nami nitasema hivyo katika ukumbi huuhuu. Vinyesi vinavyookotwa chini ya miti vinaweza kutosha kuianza kazi hiyo, na hakuna mnyama atakayelazimika kunaswa.