Andikeni nyuma ya picha

Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya katoni moja ya sabuni iliyoko juu ya kabati langu.

Sabuni hamna. Mna picha za marehemu jirani yetu, mzee aliyekuwa mpiga picha hapa Unguja. Yeye hakuwa na studio. Aliyetaka picha ya heshima, kavaa suti, kasimama kama askari wa gwaride, alikwenda Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Mzee wetu alikuwa mtu wa kutembea. Kaskazi ikianza kuvuma na jua likichoma, alitundika kamera shingoni akawafuata watu waliko.

Basi katonini mna watoto wanaruka baharini pale Forodhani, miguu juu, maji hawajayafikia. Mna wasichana wa sikukuu na magauni mapya Mnazi Mmoja. Mna Mwaka Kogwa wa Makunduchi, wanaume wanachapana kwa migomba na vumbi limetanda. Mna abiria wa meli ya Pemba, wamejilaza juu ya mizigo na kanga usoni, maana mkondo ule hauna mchezo.

Enzi hizo filamu moja ilitoa picha 36, na fedha ya filamu ndiyo fedha ya mchele. Mkewe alikuwa akimwambia, "Bwana we, hao watoto wa kuruka maji watakulipa nini?" Kweli, hawakumlipa hata senti.

Mzee alipofariki, mwenye nyumba alikitaka chumba chake. Nilipofika, filamu zote zilikwisha kutupwa jaani. Katoni hii ilikuwa mlangoni, inangoja zamu yake. Niliichukua, nikaisahau.

Tarehe 25 Desemba 2020, kama mjuavyo, sehemu ya mbele ya Beit al-Ajaib iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jumba la Sultani Barghash hilo, la mwaka 1883. Usiku ule ndipo nilipoifungua katoni. Nikawaona wale watoto wa Forodhani, na nyuma yao jumba limesimama wima, mnara na saa yake. Mzee hakulipiga picha jumba. Yeye aliwapiga watoto, jumba likaingia lenyewe.

Nikaendelea kupekua. Nikakuta mwanamke amekaa chini ya mwembe, gilasi ya ukwaju mkononi, mtoto mapajani, anacheka hata macho yamefumba. Nikageuza nyuma. Hakuna neno. Nikampelekea mama mkubwa, labda atamtambua. Akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Mwanangu, humjui mama yako?"

Wasikilizaji, mama yangu alifariki nikiwa na miaka mitatu. Mimi nilimjua kwa picha moja tu, ya kitambulisho, uso umekazwa. Miaka yote hiyo hakuna aliyepata kuniambia kuwa alikuwa mcheshi.

Mama mkubwa naye ametangulia mbele ya haki. Katonini zimebaki picha zaidi ya mia mbili, nyuso nisizozijua, na nyuma yake ni nyeupe. Kila nikizitazama najiuliza, huyu mama wa nani? Mwanawe yuko wapi, naye anamjua kwa picha gani?

Msiseme kuwa siku hizi kuna simu. Simu ina picha elfu tano, na mwenyewe hakumbuki ya juzi. Ikitumbukia majini, zimekwenda zote. Zile mnazozipenda zisafisheni, ziwe karatasi mkononi.

Na zile za zamani, ombi langu ni dogo. Ijumaa hii, baada ya chakula, zitoeni sandukuni mkakae na mkubwa wenu. Muulizeni huyu nani, hapa wapi, mwaka gani. Kisha andikeni nyuma kwa kalamu ya risasi, kwa mkono mwepesi, maana wino huvuja ukaharibu uso. Jina, pahala, mwaka, basi. Kazi hiyo haifiki hata saa moja, lakini haifai kuiahirisha, kwa kuwa anayeyajua majina hayo pengine amebaki mmoja, naye ni mzee.

Mimi nilichelewa kwa mia mbili na zaidi. Hadi juma lijalo, kwaherini.