Mwalimu Mpya Asiachwe Peke Yake



Walimu wapya wanaoripoti katika shule za Jiji la Arusha na za wilaya zinazouzunguka Mlima Meru hawaendi mahali pamoja. Wako wanaobaki mjini, wako wanaopanda kwenye kahawa na migomba ya Poli na Akheri, na wako wanaovuka hadi upande wa kaskazini, Ngarenanyuki, penye upepo na mvua haba. Wote huja na cheti na barua ya ajira. Lakini baada ya miaka mitatu hawafanani tena: mmoja amekuwa mwalimu kweli kweli, mwingine amebaki mtu anayeingia darasani na kutoka. Yafaa kuuliza ni nini kilichowatenganisha.

Jibu linalotolewa upesi ni kwamba huyu wa pili hakuwa na wito. Jibu hilo ni jepesi, nalo ni la hatari, kwa kuwa linamwondolea lawama kila mtu isipokuwa kijana mwenyewe. Ari ya kazi ni kama moto wa mafiga: hauwaki kwa kusifiwa, unawaka kwa kuchochewa.

Kuni za kwanza ni haki za mwalimu. Akishuka mjini Arusha siku ya Jumamosi, mwalimu kijana huwaona wenzake wa rika lake walioingia katika utalii na biashara ya madini, akayalinganisha maisha yao na yake. Kwa hiyo nyumba ya kukaa, malipo ya uhamisho na kupandishwa daraja kwa wakati si hisani ya mtu yeyote. Ofisa anayeliacha jalada la mwalimu lilale mezani mwezi hadi mwezi anashiriki kulizima darasa asilopata kuliona.

Hata hivyo, haki hizo peke yake hazitoshi. Mwalimu anayelipwa vizuri naye hukata tamaa akiona kazi yake haizai matunda. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Muuguzi mpya hushika zamu pamoja na wa zamani. Fundi mwanagenzi hufanya kazi mbele ya macho ya fundi wake. Mwalimu mpya mara nyingi hukabidhiwa darasa zima siku ya kwanza, mlango ukafungwa, akaachwa na watoto. Wasipoelewa, hakuna wa kumwonyesha sababu. Mwisho hujifariji kwa kusema kuwa watoto wa siku hizi hawafundishiki. Siku anapoamini maneno hayo, ari yake imekwisha, na watakaolipa gharama ni watoto ambao hawana darasa la pili la kukimbilia.

Nchi hii iliwahi kulikabili tatizo hili kwa ukubwa wake wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka Elimu ya Msingi kwa Wote ifikiwe mwaka 1977, na walimu waliokuwapo hawakutosha. Ndipo mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba walipoanza kufundishwa ualimu wakiwa kazini. Walifundisha vipindi vichache, na muda uliobaki walisoma kwa njia ya posta na redio, wakiongozwa na walimu wenye uzoefu na wakufunzi waliowatembelea. Mpango ule ulikuwa na upungufu wake, nao ulilaumiwa kwa kushusha kiwango cha elimu. Lakini kanuni moja ndani yake ilikuwa sahihi: shule yenyewe ni chuo cha pili cha mwalimu, na anayejifunza kufundisha sharti awe na mtu wa kumtazama.

Kanuni hiyo imerudi katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yaliyowekewa mwongozo wa kitaifa mwaka 2020. Walimu wa shule moja hutakiwa kukutana, kujadili mada zinazowatatiza na kusaidiana. Mpango huu utafaa kitu pale tu mazungumzo yatakapotoka katika madaftari ya watoto. Ukiishia kwenye kusaini mahudhurio na kujaza fomu, utakuwa mzigo mwingine juu ya azimio la kazi na andalio la somo.

Tuchukue mfano mdogo. Mtoto anajumlisha nusu na theluthi, anapata mbili ya tano. Mwalimu aliye peke yake hutia alama ya kosa na kuendelea. Mwenzake mzoefu, aliyekaa nyuma ya darasa, huona kwamba watoto ishirini wamekosea kwa namna ileile: wamejumlisha vya juu na vya juu, vya chini na vya chini. Basi kesho yake somo huanza kwa kukata ndizi mezani, wala si kwa adhabu.

Vivyo hivyo kwa mazingira. Mwalimu aliyetoka Lindi hawezi kujua peke yake kwamba mtoto aliye kimya mbele yake nyumbani husema Kimeru au Kimaasai, na kwamba kimya chake si ujinga. Wala hawezi kujua kwamba habari ya kuhamishwa kwa Wameru katika ardhi yao mwaka 1951, na ya Kirilo Japhet kuifikisha Umoja wa Mataifa mwaka 1952, bado inasimuliwa na wazee wa Ngarenanyuki na Leguruki. Mwenyeji akimwambia, somo la historia hutoka kitabuni likasimama mbele ya darasa.

Wala faida si ya mgeni tu. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mkongwe anayelazimika kueleza kwa nini hufanya afanyavyo hugundua mengi aliyokwisha kuyasahau.

Ndugu Walimu, kazi hii haingoji fedha za wafadhili. Mwalimu mkuu anaweza kupanga kila mwalimu mpya awe na mlezi mmoja, atazamwe kipindi kimoja kwa juma, naye atazame kimoja cha mlezi wake. Baada ya muhula mmoja wayafungue pamoja madaftari ya Januari na ya Mei. Kijana atakayeona kwa macho yake kwamba mtoto aliyekuwa hasomi sasa anasoma, atakuwa na sababu ya kurudi darasani Jumatatu.