Msalaba wa Yubile na Uwanja wa Watu Wote



Sisi makatekista tumeombwa kusema neno juu ya jambo lililojadiliwa sana katika mashirika yetu wakati wa kutayarisha Yubile hii. Wengine walitaka msalaba mkubwa wa Yubile usimikwe katikati ya uwanja wa Leta, mbele ya ofisi ya teritwari. Wengine walipenda usimikwe hapa, katika kiwanja cha parokia. Wote walisema kwa moyo mwema. Lakini mbele ya kuchimba shimo, inafaa tukumbuke njia iliyopitiwa na inchi yetu.

Wazee wetu waliishi siku za misalaba kushushwa. Mwaka wa 1971 chuo kikuu cha Lovanium kilitwaliwa na Leta. Mwaka wa 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, naye Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, akalazimika kuondoka nyumbani mwake na kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwaka wa 1974 sikukuu ya Noeli ilifanywa siku ya kazi. Mwisho wa mwaka ule Leta ilitwaa masomo ya makanisa. Mafundisho ya dini yakaondolewa, na mafundisho ya chama yakaingia mahali pake. Misalaba na picha za Baba Mtakatifu zikashushwa katika masomo, hospitali na nyumba za Leta. Wala msumari haukubaki mtupu: ilitundikwa picha ya Prezida Mobutu.

Tufahamu vema maana ya tendo lile. Leta isiyofungwa na dini yoyote huacha ukuta wazi, ili kila raia aingie bila hofu. Leta ya wakati ule haikuacha ukuta wazi. Ilitaka kukaa yenyewe mahali pa Mungu. Yezu alipoonyeshwa sarafu, aliona juu yake sura ya Kaisari, akatenganisha kilicho cha Kaisari na kilicho cha Mungu. Sarafu ina sura ya Kaisari, lakini mtu ana sura ya Mungu. Kaisari akitaka pia moyo wa mtu, amevuka mpaka wake.

Lakini ukweli unatudai tusome pia kurasa za zamani zaidi. Tarehe 26 Mei 1906 Roma na Leta Huru ya Kongo zilifanya mapatano: Leta itoe mashamba, misioni zifungue masomo. Mema mengi yalitoka humo, nasi ni wana wa masomo yale. Hata hivyo Leta ya kikoloni ilipokuwa ikisaidia masomo yetu, yale ya Waprotestanti yalingojea msaada wake mpaka nyuma ya vita kuu ya pili. Naye Simon Kimbangu, kwa kuhubiri miezi michache tu katika mwaka wa 1921, alihukumiwa kufa. Kisha hukumu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, akafa gerezani Elisabethville mwaka wa 1951. Hapo twaona jambo moja: msalaba uliotundikwa kwa nguvu ya mkubwa mmoja, hushushwa kwa nguvu ya mkubwa mwingine.

Mtu atauliza: basi, tufiche imani yetu? Hapana, ndugu. Mwenye heri Isidori Bakanja alipigwa hata kufa mwaka wa 1909, kwa sababu alikataa kuvua skapulari yake. Alama ile haikuwa juu ya ukuta wa Leta, bali juu ya kifua chake mwenyewe. Leta ya haki ina wajibu wa kumlinda Bakanja, pamoja na jirani yake asiyevaa skapulari. Ndivyo inavyosema Katiba ya mwaka wa 2006: kifungu cha kwanza chasema kwamba Leta yetu haina dini, na kifungu cha 22 chalinda haki ya kila mtu kuonyesha imani yake mbele ya watu, kwa kuheshimu sheria na haki za wengine. Nao Mtaguso wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba Eklezia na Leta kila kimoja kina uhuru katika kazi yake, ingawa vyote viwili vinawatumikia watu walewale. Ndiyo maana mapatano ya mwaka wa 1977 yaliweza kuturudishia uongozi wa masomo yetu.

Sasa turudi kwenye uwanja. Kodi inayoutunza hulipwa na Mkatoliki, Mprotestanti, Mkimbangu na Mwislamu. Tukiomba sisi leo, kesho wataomba wengine, na mkubwa wa ofisi atakuwa mwamuzi wa dini. Tena mwenye kukupa kiwanja atataka sauti yako siku ya uchaguzi. Tarehe 16 Februari 1992 wakristu wa Kinshasa walitembea kwa amani wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na wengi waliuawa kwa risasi. Mwenye deni kwa Leta angepata wapi uhuru wa kutembea hivyo?

Wengine wanasema kwamba kuacha uwanja ni kufanya kama Mobutu. Siyo sawa. Yeye aliondoa kwa nguvu. Sisi tunachagua kwa hiari, kwa ajili ya jirani.

Kwa hiyo sisi makatekista tunashauri: msalaba usimikwe katika kiwanja cha parokia, kando ya barabara, kila mpita njia auone. Maandamano yetu yaendelee njiani, kwa kuwajulisha wakubwa wa Leta. Mgonjwa anayetaka rozari kitandani pake asinyimwe, na mtoto asiye Mkatoliki asilazimishwe kusali katika masomo yetu. Na katika uwanja ule tuache alama nyingine: tutengeneze bomba la maji lililoharibika, bila kuandika jina letu. Atakayekunywa pale, wa dini yoyote, atakunywa kwa amani.

Mungu aibariki parokia yetu na inchi yetu. Yubile njema kwenu wote!