Waya Kati ya Paa na Mchikichi: Mazungumzo na Wakazi wa Mwambao wa Rumonge

 

Tuanze na tukio lililotufanya tuitishe kikao hiki. Katika mtaa mmoja wa mwambao huu, ambao hatutautaja, mwalimu mstaafu alifunga waya wa shaba kutoka pembe ya paa lake hadi kwenye mchikichi ulio mwisho wa kiwanja. Mtaa ule ni wa viwanja vilivyopimwa, na masharti yake ya ujenzi hayaruhusu milingoti wala vitu vinavyoning'inia vikiharibu sura ya barabara. Mwalimu aliyajua masharti hayo. Basi akachagua waya mwembamba, akaupaka rangi ya kijani kibichi, akaufunga wakati watu wamelala. Alidhani kwa kufanya hivyo anawastahi majirani zake.

Siku ya tatu kijana aliyepanda kukata vichala vya mchikichi akauona. Kufikia magharibi habari ilikuwa imekwisha kukua: mwalimu ana mtambo, mwalimu huongea usiku na watu wa ng'ambo. Tulipofika tulikuta umati mlangoni, na wengine wao walishika mapanga. Mzee alikuwa amekaa ndani na mkewe, taa imezimwa.

Tuliutawanya umati, na hilo tunashukuru. Lakini sehemu iliyofuata ni ya aibu yetu wenyewe. Mwalimu alifungua sanduku akatoa kibali chake, kimegongwa muhuri, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua karatasi ile ni ya nini. Tuliibeba redio, tukaikunja ile waya, tukakaa navyo siku kumi na tisa. Kwa siku hizo zote mtaa mzima uliamini kwamba tumemnasa jasusi, maana polisi hawachukui kitu cha mtu bure. Tulipomrudishia vitu vyake hatukumrudishia jina lake. Ndiyo sababu tumesimama hapa leo.

Chombo alichokuwa nacho kinaitwa redio ya ridhaa. Ni ridhaa kwa maana ile ile ya mchezaji wa mpira wa ridhaa: mtu anayefanya jambo kwa kulipenda, bila ujira. Wapenzi wa redio hii wako karibu katika kila nchi duniani. Hutengeneza au hununua vyombo vyao, huongea kwa sauti au kwa nukta na mistari ya Morse, hujaribu mawimbi yafike wapi na kwa saa gani. Kila mmoja hupewa alama yake ya utambulisho, na herufi za mwanzo za alama hiyo hutaja nchi. Burundi ni 9U. Jirani zetu wa Tanzania ni 5H, Congo ni 9Q, Zambia 9J, Rwanda 9X. Hivyo hata nchi zote nne zinazogawana Ziwa Tanganyika zikisikika kwa pamoja, msikilizaji hutambua nani yuko wapi. Mwezi Februari mwaka 2013 kundi la wageni lilikuja Bujumbura, likafunga antena zake na kuita dunia kwa alama ya 9U4U. Watu wa mabara mengine wakaandika jina la Burundi katika madaftari yao.

Sasa lizingatieni hili, kwa kuwa ndilo linalomtofautisha mtu huyu na yule mnayemwogopa. Kanuni za kimataifa za redio zinamtaka mwenye leseni ya ridhaa ataje alama yake anapozungumza, na zinamkataza kuficha maana ya maneno yake anapoongea na mwenzake wa nchi nyingine. Mtu yeyote mwenye redio inayopokea masafa hayo anaweza kumsikiliza. Morse nayo, ijapokuwa humtisha asiyeizoea, ni alfabeti tu, na hufundishwa waziwazi. Jasusi anayejitaja jina kila dakika chache, kwa lugha ambayo kila mtu anaisikia, atakuwa jasusi wa ajabu sana.

Hata hivyo hatutawacheka walioshika mapanga. Watu wa mwambao huu wana sababu ya kuwa na masikio mepesi. Wazee mlio hapa mnaukumbuka mwaka 1972 na wale waliovuka kwenda Kigoma wasirudi kwa miongo kadhaa. Walio wadogo kwenu wanaikumbuka miaka iliyofuata 1993, ambapo sauti ya injini ziwani usiku ilitosha kuwaamsha watoto na kuwavika viatu. Mahali kama hapa, waya uliofichwa hausomwi kama waya uliofichwa mahali pengine.

Huko Marekani, kwa mfano, ugomvi wa antena na sura ya mitaa ni wa siku nyingi. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya nchi ile ilizielekeza serikali za miji ziwape wenye leseni nafasi ya kadiri ya kuweka antena zao. Lakini mwongozo ule haukugusa mikataba ya binafsi wanayowekeana wenye nyumba katika mitaa yao, na kwa hiyo wengi huko wameendelea kuficha nyaya zao ndani ya miti na chini ya paa. Anayegunduliwa huko huandikiwa barua. Hapa kwetu mmeona anayegunduliwa hupata nini. Basi ushauri unaofaa huko, kwamba fanya kimya na isionekane, hapa unaweza kumwua mtu. Tunachowaomba wenye redio ni kigumu kidogo kuliko hicho: uondoeni waya machoni pa watu, lakini msiuondoe katika habari zao.

Kuuondoa machoni kunawezekana kuliko mnavyodhani. Mtu akisikia neno antena huona mnara wa simu. Mpenzi wa redio hahitaji mnara. Kwa masafa ya megahezi 7, yanayotumika sana kwa mazungumzo ya eneo letu, waya unaofaa una urefu wa mita 20 hivi, yaani mita 10 kila upande wa pale kebo inapounganishwa katikati. Kwa megahezi 14 urefu huo hupungua kwa nusu. Waya wa namna hiyo hupita juu ya ukuta wa nyuma ya nyumba, na aliye barabarani hauoni. Kwa masafa ya megahezi 144, ya mazungumzo ya karibu, fimbo isiyofika nusu mita inatosha, na huweza kusimama dirishani kando ya chungu cha maua.

Liko na jambo la pili, ambalo mwalimu yule ndiye aliyetufundisha tulipoketi naye baadaye. Kanuni za mitaa hukataza urefu wa kwenda juu, na watu hudhani kwamba antena ya chini ni antena mbovu. Si kweli kwa mahitaji yote. Waya wa megahezi 7 uliofungwa mita nne au tano tu kutoka ardhini hurusha mawimbi yake karibu wima. Nayo hugonga tabaka la juu la anga na kurudi chini kama mvua, yakienea mamia ya kilomita pande zote. Huko nyuma yetu imesimama milima ya Mumirwa, nayo huyazuia mawimbi mafupi yanayosafiri moja kwa moja. Mawimbi yanayoshuka kutoka juu hayana habari na mlima. Kwa hiyo anayetaka kusikilizana na Makamba, Kigoma au Uvira wakati wa mchana hana sababu ya kugombana na mtaa wake kwa ajili ya mlingoti.

Wengine wameuliza kama waya ungeweza kukaa ndani, darini. Chini ya vigae vya udongo, naam, hufanya kazi ya kuridhisha. Chini ya mabati, kama zilivyo nyumba nyingi hapa Rumonge, ni sawa na kuwasha taa ndani ya chungu kilichofunikwa. Wengine hutumia ufito mrefu wa mwanzi, wakausimamisha wanapoongea na kuulaza wakimaliza. Kwa sura ya mtaa, hilo ni jema. Lakini fikirini: anayesimamisha ufito saa mbili usiku na kuulaza alfajiri amewaridhisha wapima viwanja, na papo hapo amewapa majirani hadithi ya kusimulia. Akifanya hivyo, afanye saa ambazo watu wanapita, na wanaouliza awajibu.

Usalama hauna mjadala. Waya wowote na nguzo yoyote vikae mbali na nyaya za umeme, kiasi kwamba hata vikianguka visizifikie. Ncha za waya hubeba umeme mkali wakati mtu anaporusha sauti, nao huweza kuunguza ngozi. Kwa hiyo ziwe juu kupita mkono wa mtoto, na kamwe pasianikwe nguo wala neti juu yake. Tunacheka, lakini tumeona kanga juu ya waya ule. Mawingu ya radi yakikusanyika, kebo ichomolewe na kutolewa nje ya nyumba. Na upepo wa kusini wa kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, mnajua wenyewe unavyofanya kwa mitumbwi. Mlingoti uliofungwa kwa kamba ya katani haudumu mwezi.

Juu ya sheria tutasema kwa ufupi. Leseni ya redio hutolewa na ARCT, mamlaka ya mawasiliano ya nchi yetu, wala si polisi wala tarafa. Mambo ya ujenzi yana OBUHA na masharti ya kiwanja chako. Na yeyote anayefikiria kusimamisha nguzo ufukweni ajue kwamba sheria ya maji ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ziwani kuwa eneo la hifadhi. Maji yalivyopanda miaka hii ya karibuni yamewaonyesha wengi sababu yake. Leseni ya ridhaa si ya biashara: huwezi kuitumia kuuliza bei ya dagaa Kigoma. Na zile redio ndogo za mkononi zinazouzwa kwa bei rahisi, ambazo baadhi ya wenye mitumbwi wameanza kuzitumia bila kibali, si redio za ridhaa kwa kuwa tu zinafanana nazo. Wenye nazo waende wakaulize ARCT kabla hatujawauliza sisi. Mtumbwi ulio katika hatari ya kuzama ni habari nyingine. Kanuni za kimataifa haziukatazi kuomba msaada kwa njia yoyote iliyopo.

Tunawaomba wenye leseni wapeleke nakala kwa mkuu wa mtaa na kwa kituo kilicho karibu kabla ya kufunga waya wowote. Wawaite majirani wa pande mbili, wawaonyeshe utapita wapi, wawaache wasikilize. Masharti ya mtaa yakiwa yanakataza, waombe ruhusa kwa maandishi, wakitaja urefu na mahali. Nanyi majirani, mkiona waya msioujua, ulizeni mwenye nyumba mchana, mkiwa watu wawili, mikono mitupu. Asipojibu, leteni habari kwetu. Asipande mtu paa la mwenzake. Kwa upande wetu tumekwisha kubandika katika vituo mfano wa kibali na maelezo ya alama ya 9U, ili askari wa zamu asitazame karatasi kama tulivyoitazama sisi usiku ule. Na hatutachukua chombo cha mtu tena bila kumwachia hati yenye sababu na tarehe.

Mtauliza mwalimu ameishia wapi. Kamati ya mtaa ilikaa mara mbili. Mara ya kwanza hawakupatana. Mara ya pili walimruhusu waya mmoja, nyuma ya nyumba, usiozidi kimo cha ukingo wa paa, bila nguzo upande wa barabara. Ameufunga upya, safari hii adhuhuri, na kijana yule wa mchikichi ndiye aliyempandia. Jirani wa mkono wa kushoto bado hakubali. Anasema waya unaharibu mandhari ya ziwa aliyoilipia. Malalamiko yake yako kwa kamati, nayo ni haki yake, na mpaka leo wawili hao wanasalimiana kwa kichwa tu. Mkewe mwalimu alituambia bado hulala taa ikiwaka.

Sasa tunapokea maswali. Tumeona mikono ya watu wa madishi ya televisheni imeinuka kabla hatujamaliza, tutaanza nao.