Nyoka na Tumbusi Kwenye Runinga

Msikilizaji, tazama kipindi chochote cha wanyamapori jioni. Simba hupewa jina, na familia yake hutambulishwa. Nyoka akichomoza tu, muziki unageuka wa kutisha na kamera inakimbilia meno. Tumbusi yeye huonyeshwa kama mla uchafu, kisha tunarudishwa kwa simba.

Hili linaniuma. Tangu 2015, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limewaweka tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Chanzo kimoja ni sumu: mfugaji aliyeliwa ng'ombe huitia kwenye mzoga akimlenga simba au fisi. Tumbusi hushuka kwa makumi, na wengi hufia palepale. Kipindi kimoja cha Kiswahili, kikimweleza mfugaji huyo jambo hili kwa upole, kingefaa kuliko mbio kumi za duma.

Na utamu wa kuonyesha upo! Karani tamba, ndege wa miguu mirefu, humuua nyoka kwa teke lenye nguvu ya mara tano ya uzito wake mwenyewe. Yuko pia kinyonga wa milima ya Usambara, kila jicho likitazama upande wake. Mwaka 2006 wanasayansi walimpa yeye na jamaa zake jina la Kinyongia, kutoka kwenye Kiswahili chetu. Dunia imelichukua neno letu, nasi nyumbani bado tunampiga kinyonga mawe tukidai ni mkosi. Watayarishaji wa vipindi, mpelekeeni kamera huko aliko.